Pongezi kwa Seremala wa Uani

Seremala wa uani anastahili pongezi, na wa Keko, Dar es Salaam, nampa ya kwanza. Mwagize kitanda cha droo, futi sita kwa sita. Atachagua mninga uliokauka barabara, kwa kuwa mti huu hausinyai wala kupinda ovyo. Droo ya mbao mbichi hupinda ikikauka, ikakwama. Kisha randa, patasi, na ile kazi ya subira: kuchimba tundu kwenye tendegu hadi ulimi wa mfumbati uingie ukibana. Akiifanya kwa haraka, kitanda kitalia kila mtu akigeuka. Katikati huweka mhimili, maana chaga peke yake hazibebi godoro, wazazi na watoto wanaorukaruka.

Ninachomsifia zaidi ni kwamba mifumbati haigandishi kwa gundi, huikaza kwa bolti. Anajua milango yetu ni myembamba na mpangaji huhama, na zigo kama hilo halibebeki zima. Droo huteleza kwenye reli za mbao zilizopakwa nta ya mshumaa, anayetaka reli za chuma aongeze pesa.