Besi, ukuta na mahali pa kuweka spika

Sauti nyembamba za spika huelekea mbele, lakini besi husambaa pande zote. Sehemu yake hugonga ukuta ulio nyuma ya spika na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Mwaka 1974 mhandisi wa Marekani Roy Allison alichapisha uchambuzi wa jinsi kuta na sakafu zinavyobadilisha besi ya spika za nyumbani, na hesabu yake inafaa sebule yoyote.

Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Wufa, yaani kipaza cha besi ndani ya spika, ikiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi huwa imesafiri mita 2 zaidi. Kwa noti yenye mitetemo 86 kwa sekunde, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 4, ziada hiyo ni nusu ya wimbi: sauti moja inasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na noti inafifia, ikiacha pengo katika besi. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa kuwa kinachofuta nacho kinaongezeka. Spika ikisogezwa hadi sentimita 50, pengo huhamia kwenye mitetemo 172, ndani ya sauti ya mwanamume anayezungumza. Ikiwa karibu zaidi na ukuta, pengo hupanda hadi kwenye sauti zisizofika sana nyuma. Hapo ukuta huongeza besi badala ya kuifuta, hadi desibeli 6. Konani, nyongeza za kuta mbili na sakafu hujumlishana, ndiyo maana sabufa iliyosukumwa huko hunguruma.

Hali mbaya kuliko zote ni wufa kuwa umbali uleule kutoka sakafuni, ukuta wa nyuma na ukuta wa pembeni, kwa sababu mapengo matatu huangukia noti moja. Sentimita 30, 50 na 85 huyatawanya.

Msikilizaji naye ana sehemu yake. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, noti ya mitetemo 43 karibu hupotea katikati ya urefu huo na kuvimba kwenye kuta za mwisho, mahali ambapo makochi huwekwa kwa kawaida. Kuta za matofali ya saruji hurudisha besi nyingi kuliko zile za mbao na jasi za nyumba nyingi za Marekani. Zulia hutuliza sauti nyembamba tu.

Kwa stereo, spika mbili na msikilizaji hufanya pembetatu ya pande sawa, twita, yaani vipaza vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio.

Sabufa hutafutiwa mahali kwa kugeuza mambo: huwekwa kwenye kochi la msikilizaji, hupigwa wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha mtu huinama na kutembeza sikio kando ya kuta, karibu na sakafu. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu inayolingana, ndipo sabufa huwekwa.