Anayejitolea Hapo ni Nani?

Ukipita nje ya hospitali kubwa za Moshi, Arusha au Mwanza miezi ya Juni hadi Agosti, utawakuta. Vijana wa miaka ishirini na ushee, kutoka Ulaya, Marekani au Australia, sare mpya za wodini, kamba ya kitambulisho shingoni, wanashuka kwenye bajaji. Wamekuja kujitolea. Baadhi wako mwaka wa nne au wa tano wa udaktari. Wengine hata udaktari hawajaanza: wanasoma baiolojia na wanatafuta kitu cha kuandika kwenye maombi ya chuo.

Kuhusu vijana hawa utasikia hadithi mbili. Kuna wanaosema ni malaika, na kuna wanaosema ni watalii waliovaa koti jeupe. Zote mbili zinachosha. Sisi tunaosoma sayansi tuna swali jingine la kuuliza: ushahidi unasema nini, na umekusanywa kutoka kwa nani?

Tuanze na faida, maana zipo. Mtu aliyezoea hospitali ambako tumbo likiuma tu mgonjwa anapelekwa kwenye mashine ya CT, hapa anajifunza kutumia mikono na macho yake: kupapasa bandama iliyovimba, kusikiliza maji kwenye mapafu, kushusha kope la mtoto kuona kama damu imepungua. Anaona malaria kali na pepopunda, magonjwa aliyoyajua kwa picha za kitabuni. Anaona pia daktari mmoja akiamua mambo ambayo kwao yangeitishiwa kikao. Hilo silibishii hata kidogo.

Lakini angalia jinsi faida hizi zinavyopimwa. Mara nyingi ni kwa dodoso, na anayelijaza ni mwanafunzi mwenyewe akiwa amesharudi nyumbani. Anaulizwa kama safari ilimjenga, anajibu ndiyo. Wewe ungejibu nini baada ya kulipa nauli ya ndege na kukaa wiki sita? Halafu kuna dai linalopendwa sana, kwamba waliowahi kwenda nje huishia kuwahudumia watu maskini kuliko wenzao wasiokwenda. Huenda ni kweli, ila haithibitishi kwamba safari ndiyo iliyowabadilisha. Waliochagua kwenda walikuwa na moyo huo tangu mwanzo. Ni sawa na kusimama kwenye mstari wa mwisho wa Kilimanjaro Marathon, ukawauliza waliofika kama wanapenda kukimbia, kisha ukatangaza kwamba marathoni huwafanya watu wapende kukimbia.

Na mgonjwa je? Kwenye dodoso hizo mara nyingi hayumo.

Chukua mfano wa kambi za upimaji zinazowekwa kijijini kwa siku mbili tatu. Watu wanapanga foleni, wanapimwa presha, aliyekutwa nayo juu anapewa vidonge. Picha inapendeza. Sasa fikiria mwili unavyofanya kazi. Presha inapanda na kushuka mchana kutwa. Ukitembea kilomita tano juani, ukaogopa koti jeupe, itapanda. Ndiyo maana kwa kawaida kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa, unarudia siku nyingine. Na akithibitika anao, dawa ni ya kila siku, kwa kawaida maisha yote. Dawa kama amlodipini huchukua wiki moja au mbili kuonyesha nguvu yake kamili. Kwa hiyo mama aliyepewa vidonge vya wiki mbili anavimaliza wakati ndiyo vimeanza kumsaidia vizuri, presha inarudi ilikokuwa, na aliyempa yuko kwenye ndege. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba mama huyo sasa anaamini ameshatibiwa.

Hospitalini hesabu ni ya namna nyingine. Tufanye ya kubuni: daktari ana wagonjwa 40 wa kuwapitia kwenye raundi ya saa 3. Kila mmoja anapata dakika 4 na nusu. Akiongeza dakika 1 tu kwa kila kitanda kumweleza mgeni kwa Kiingereza kilichosemwa, amepoteza dakika 40. Zinatoka wapi? Kwa wagonjwa wa mwisho wa wodi, au kwa wanafunzi wetu wenyewe waliosimama nyuma wakichungulia juu ya mabega. Mgeni anayekaa miezi mitatu anaweza kuzirudisha dakika hizo, kwa sababu ameshajua faili linakaa wapi na “mwili wote unawaka moto” maana yake nini. Anayekaa wiki mbili anaondoka siku anayoanza kufaa.

Linalonikera zaidi lakini ni suala la ridhaa. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni “dokta”. Mgonjwa hajui kama huyu ni mwaka wa tano au hajasoma hata anatomia, na hakuna anayemwambia. Miongozo ipo. Mwaka 2010 kikundi kazi cha WEIGHT, ambacho John Crump aliyekuwa akifanya kazi Moshi alikiongoza pamoja na mwenzake Jeremy Sugarman, kilitoa mwongozo wa maadili kwa mafunzo ya afya yanayofanyika nje ya nchi, na kiligusa pande zote: chuo kinachotuma, hospitali inayopokea, mwanafunzi, hata mfadhili. Mwaka 2011 umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, nao ukawaonya wanafunzi wasifanye ugenini kazi wasizoruhusiwa kuzifanya kwao. Mtihani wake ni mwepesi. Mpeleke mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili Munich au Toronto, halafu aombe kuzalisha. Ataonyeshwa mlango kwa adabu.

Kuna ambao watasema: bora mikono isiyojua sana kuliko hakuna mikono. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mikono ingekuwa haipo. Hapa Tanzania neno kujitolea lina maisha mengine kabisa. Kijana amemaliza stashahada ya utabibu au uuguzi, ajira hazijatoka, anakwenda zahanati kujitolea. Anapiga zamu, anachoma sindano, anazalisha usiku kwa tochi ya simu. Mwisho wa mwezi akipata nauli ashukuru. Wakati huohuo mgeni analipa wakala huko kwao ili apate nafasi ya kushika sindano ambayo hajaisomea. Neno ni moja, na ukiuliza nani katoa nini, majibu hayafanani.

Judith Lasker, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kitabu Hoping to Help mwaka 2016, na sifa yake ni kwamba aliwauliza wenyeji pia. Walipenda mgeni akae muda mrefu zaidi, ajiandae kabla ya kuja, na afuate mahitaji yaliyopangwa na wenyeji. Ni kitabu cha haki, ila upande wa wenyeji kinasikiliza zaidi wafanyakazi waliowapokea wageni. Mgonjwa aliyelala kitandani bado hajaulizwa. Ivan Illich alikuwa mkali zaidi: mwaka 1968 aliwaambia vijana wa Kimarekani waliokuwa wakienda Meksiko kusaidia kwamba nia njema haitoshi, wasiende kutoa msaada. Waje kutazama na kusoma, sawa.

Mimi niko karibu na Illich. Tuache kuita kujitolea, tuite fildi, kama tunavyoita yetu. Mtu wa fildi ana msimamizi, ana daftari la kazi anazoruhusiwa, analipa ada hospitalini, na hachomi sindano mpaka nesi aseme sasa choma. Na mlango uwe wa pande mbili, kama kwenye mabadilishano ya IFMSA, shirikisho la wanafunzi wa udaktari, ambako chuo kikipokea mmoja kinaweza kutuma mmoja.

Kama unatafuta mada ya tasnifu, hii hapa. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa na wageni wakaondoka karibu wote kwa mpigo. Rejesta za wodi zipo: siku za kulazwa, vidonda vilivyooza, muda wa kusubiri. Linganisha hospitali zilizozoea kupokea wageni wengi na zile zisizopokea, kabla na baada. Tatizo utaliona mapema, kwamba korona yenyewe iliwazuia wagonjwa kuja hospitali. Ndiyo maana utahitaji hospitali za kulinganisha zilizo mkoa uleule, na mtu wa takwimu mwenye subira.