Jina bila Sentensi: Uhakiki wa Mchezo wa Video wa The Lion King ukisomwa kutoka Kinanira

Utangulizi

Filamu ya katuni ya The Lion King ilitolewa na Disney mwaka 1994, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshageuzwa kuwa mchezo wa video. Westwood Studios waliuunda, Virgin Interactive wakausambaza kwa mashine za Super Nintendo na Sega Mega Drive. Mwaka 2019 ulitolewa upya kwa mashine za kisasa. Makala haya yanauhakiki mchezo huo kama matini yenye maneno ya Kiswahili, na yanausoma kutoka Kinanira, mtaa wa kusini mwa Bujumbura, katika nchi ambayo watoto hukua na Kirundi na kufundishwa Kiswahili shuleni. Hoja kuu ni kwamba mchezo umekopa majina ya Kiswahili na kuiacha lugha yenyewe.

Ubora wa usimulizi

Kama kazi ya usimulizi kwa vitendo, mchezo huu una uzito. Katika hatua zake kumi, Simba huanza akiwa mtoto anayeruka na kubingirika, kisha huwa dume linalorarua kwa makucha. Mabadiliko ya mwili yanabeba maana ambayo filamu iliieleza kwa mazungumzo. Hatua ya nne, nyumbu wanapotimua mbio, inaeleza hofu pasipo neno hata moja.

Majina na ukimya

Udhaifu uko katika lugha. Shujaa ana jina la Kiswahili, lakini sauti pekee anayopewa mchezaji kuitumia ni ngurumo. Jina Rafiki halimfundishi mchezaji urafiki, wala Pumbaa halimwelekezi kwenye kitenzi kupumbaa. Hatua ya sita inaitwa Hakuna Matata, ilhali ina maporomoko ya maji, magogo ya kurukia na sokwe anayerusha nazi. Ni miongoni mwa sehemu ngumu. Hiki kingekuwa kinaya kizuri, lakini hakuna dalili kwamba mchezo unakitambua. Katika Kiswahili cha Bujumbura na mashariki ya Kongo, matata ni neno hai linalotaja ugomvi na dhiki. Katika mchezo limebaki pambo. Mwaka 2003 maneno hayo mawili yalisajiliwa nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney kwa mavazi. Neno lisilotumiwa na wenyewe katika kazi zao ni rahisi kugeuzwa bidhaa ya wengine.

Msomaji wa Kinanira ana kipimo kingine. Simba kwa Kirundi ni intare. Ntare ni jina la wafalme wa Burundi, na kichwa cha simba kimo katika nembo ya taifa. Ntare wa Tano aliondolewa madarakani mwaka 1966, akarejea nchini mwaka 1972 na kuuawa mwaka huohuo. Mbele ya historia hiyo, hatua ya tisa, inayohusu kurejea kwa Simba, inaonekana nyepesi: marejeo ya mrithi yamekuwa mapango ya kupitia na fisi wa kupiga. Swali la nani anampokea anayerudi, na kwa maneno gani, haliulizwi.

Hitimisho na mapendekezo

Inaweza kusemwa kwamba mchezo wa mwaka 1994 ulikuwa na kumbukumbu finyu na haukulazimika kufundisha lugha. Utetezi huo ni wa haki kwa waundaji, lakini hauwafai wapangaji wa sera wa leo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mtoto wake anapofundishwa Kiswahili darasani kisha akakikuta kwenye michezo kama majina ya wanyama tu, anafunzwa pia kwamba si lugha ya kutendea jambo.

Inapendekezwa kwamba wizara za elimu, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zigharimie michezo ambamo usemi ndio ufunguo: mchezaji amsalimu mzee ipasavyo ndipo aonyeshwe njia, au ategue kitendawili ndipo lango lifunguke. Malighafi ipo tayari katika vitendawili vya Kiswahili na ibisokozo vya Kirundi, ambavyo tangu asili ni michezo, na havichezeki bila sentensi.