« Moto » wa Barbusse: kiapo, mashini na matope

Mara kwa mara waseminari wenzetu wanatuuliza kama inafaa kusoma kitabu cha Henri Barbusse kiitwacho Le Feu, ndiyo kusema Moto. Wengine wameambiwa ni kitabu bora. Wengine wameambiwa ni kitabu cha adui wa Kanisa. Tumekisoma toka mwanzo hata mwisho, na tunaona kwamba pande zote mbili zinasema kweli. Kwa sababu hiyo tunataka kukipima polepole, bila hasira.

Barbusse aliingia jeshini kwa hiari yake mwaka wa 1914, akiwa na umri wa miaka 41. Kitabu kilitoka mwaka wa 1916, vita ingali ikiwaka, kikapata tuzo ya Goncourt mwaka uleule. Kinasimulia maisha ya kikosi kidogo cha Wafaransa katika mahandaki, yale mashimo marefu ambamo watu walikula, walilala na kufa. Hakuna shujaa juu ya farasi. Kuna mvua, chawa, na kungojea chakula. Askari mmoja anamwuliza mwandishi kama atayaandika hata matusi yao. Naye anaahidi, kwani ndivyo wanavyosema. Ahadi hiyo ameishika. Poterloo anarudi kijijini kwake, Souchez, wala haoni hata mahali nyumba yake iliposimama. Anayesoma sura ile hatasifu tena vita kama mchezo wa vijana.

Hapo tunamsifu mwandishi. Lakini kitabu chake kina pengo: kinatuonyesha watu ndani ya shimo, hakituelezi namna gani walivyoanguka humo.

Tufikiri basi. Mwaka wa 1882 Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifungana kwa mapatano. Mwaka wa 1894 Ufaransa na Urusi zilifungana vilevile. Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka wa 1904, na Urusi mwaka wa 1907. Kila mmoja alisema anajilinda tu. Mrithi wa kiti cha Austria alipouawa Sarajevo, tarehe 28 mwezi wa sita 1914, Ujerumani iliahidi kusimama pamoja na Austria, liwalo liwe. Kiapo cha namna hii tunakijua katika Injili. Herode aliapa mbele ya wageni wake kabla ya kujua ataombwa nini. Alipoombwa kichwa cha Yoane Mbatizaji alihuzunika, lakini aliona haya kurudi nyuma. Tarehe 28 mwezi wa saba Austria ilitangaza vita juu ya Serbia. Tarehe 4 mwezi wa nane, siku saba tu baadaye, Urusi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zilikuwa zote vitani, na Ubelgiji, isiyofungana na mtu, imekwisha kuvamiwa.

Ndivyo vita ilivyopata upana wake. Mashini ndizo zilizoisimamisha mahali pamoja. Mitrayezi ya Maxim, iliyobuniwa mwaka wa 1884, ilitapika risasi mamia kwa dakika moja. Watu wachache ndani ya shimo, nyuma ya nyaya zenye miiba, waliweza kuwazuia wengi wanaokuja katika uwanja mtupu. Hata kama mstari ulivunjika, mshambuliaji aliendelea kwa miguu, lakini mwenye kujilinda alileta askari wapya kwa treni. Basi, baada ya mapigano ya mto Marne, mwezi wa tisa 1914, kila upande ulichimba, mpaka mahandaki yakaenea toka Bahari ya Kaskazini hata Uswisi. Tarehe 1 mwezi wa saba 1916, karibu na mto Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa katika siku moja. Kwa nini hawakuacha? Kwa sababu aliyechoka alishikiliwa na rafiki zake. Mapatano yaliyosemwa kwamba yatazuia vita yaliizuia isiishe.

Barbusse hatuelezi hayo. Katika sura ya mwisho, askari wake waliozama matopeni wanaacha kusema kama askari, wanaanza kuhutubu kama gazeti. Wanawalaumu wakubwa, matajiri, na mapadri. Hatukatai kwamba wenye makosa walikuwako. Lakini mtu akidhani ubaya wote u ndani ya watu fulani, atadhani kwamba yatosha kuwaondoa, halafu ataapa tena kiapo kilekile.

Kuna sura moja inayotuchoma sisi hasa. Mwanahewa mmoja aliyejeruhiwa anasimulia jinsi alivyoona toka juu Misa mbili siku ya Jumapili, moja kwa Wafaransa na moja kwa Wajerumani, zikifanana kabisa, kila upande ukisema Mungu ni wake. Barbusse anataka tuone kwamba sala ni bure. Sisi tunajibu hivi: sala ile moja ilikuwa hukumu juu ya pande zote mbili, nao hawakuisikia. Papa Benedikto XV aliwaandikia wakubwa wa vita tarehe 1 mwezi wa nane 1917, akiwasihi wapatane, wala hawakumfuata. Lakini tusijitetee upesi. Mapadri wangapi, huku na huku, walibariki vita ya taifa lao bila kuuliza?

Sisi wa Kongo tuna neno letu pia. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914 Wajerumani walipiga Lukuga, na tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Huku nchi ilikuwa pana, reli chache; vita haikukaa shimoni, ilitembea. Mizigo yake ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Hakuna aliyewauliza kama wanajua ugomvi wa Sarajevo. Katika kitabu cha Barbusse hawamo.

Basi, kisomwe? Kisomwe na wakubwa wa seminari, pamoja na mwalimu, na Injili ya Marko sura ya sita ikiwa wazi kando yake. Barbusse atawaonyesha matope. Herode atawaonyesha mlango.