Valvu na Sauti ya Gitaa: Uhakiki wa Sahani ya 1966

Wapo wapenzi wa gitaa la umeme wanaoamini kwamba sauti nzuri hununuliwa dukani: tia valvu za ghali katika kikuza sauti, na ala itanena yenyewe. Dhana hiyo si uongo mtupu, kwani chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Lakini je, ni kweli yote? Tuipime kwa sahani mashuhuri ya bendi ya John Mayall, Blues Breakers with Eric Clapton, iliyotolewa Uingereza mwaka 1966.

Clapton alipiga gitaa la Gibson Les Paul kupitia kikuza sauti cha Marshall. Asili ya chombo hicho ni Marekani, maana mafundi wa Marshall waliufuata mchoro wa Fender Bassman. Hata hivyo, walibadili jambo dogo lenye uzito. Katika hatua ya kwanza Bassman ilitumia valvu ya 12AY7, yenye kipimo cha ukuzaji cha takriban 44. Wao wakatia ECC83, yenye kipimo cha 100. Mlio ukawa unafikia kikomo cha chombo mapema, na vilele vya mawimbi yake vikakatwa. Hapo huzaliwa kile tunachokiita mkwaruzo, ingawa neno hili ni kali kuliko utamu wenyewe.

Basi valvu ina hoja. Ila haikushinda kesi. Chombo kile hakikuwa na kifungo cha pili cha kuzuia nguvu ya mwisho. Mkwaruzo kamili ulipatikana kwa kufungulia sauti sana, na Clapton alishikilia kupiga hivyo hata studioni. Angaliipunguza, valvu zile zile zingalitoa mlio safi wa kawaida.

Mwanafunzi na apange kwanza, ndipo anunue. Aweke besi, sauti za kati na za juu katika nusu ya kipimo. Kadiri anavyofungulia, apunguze besi, kwa kuwa besi nyingi ndani ya mkwaruzo hugeuka tope. Sauti za kati azitunze, maana ndimo gitaa linamokaa. Mkwaruzo ukija mapema mno, 12AY7 katika hatua ya kwanza yaweza kuutuliza. Valvu za mwisho aachiwe fundi: aghalabu hudai mkondo wa umeme upimwe upya, na ndani ya vyombo vingi vya namna hii mna volti zaidi ya 400, ambazo huweza kubaki hata baada ya kuzimwa.

Ubora wa sahani hii ni kwamba mkwaruzo haukumficha mpigaji. Noti ndefu zaimba; kila mkazo wa kidole wasikika. Waigaji wengi waliuchukua ukelele wakauacha usemi, nalo debe tupu haliachi kuvuma. Valvu hukuza alichosema mpigaji. Haimtungii la kusema.