Wapaka Grisi

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika. Waliijaza mchanga, wakaiteremsha polepole karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, wakaondoka. Majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yanaikaribia Kigoma na reli ilikuwa inawaponyoka mikononi, kwa hiyo adui asingeruhusiwa kuipata meli. Katika vita, chombo kinachotelekezwa namna hiyo huvunjwavunjwa kwanza: boila hutegewa baruti, injini hupasuliwa kwa nyundo. Meli hii ilipata heshima nyingine. Kabla haijaachiwa iende chini, injini zake zilipakwa grisi, nzito, tabaka zima, kila mahali chuma kilipokutana na chuma.

Meli yenyewe iliitwa Graf von Goetzen. Leo tunaijua kama Liemba. Waliozipaka injini zake grisi walikuwa mafundi wa kuunda meli, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wote kutoka karakana ya Meyer ya mji wa Papenburg, Ujerumani. Huko ndiko ilikoundwa mwaka 1913, kisha ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa melini Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikasafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma. Mafundi hao watatu waliifuata. Walifika kuiunganisha, vita vikawakuta hapo hapo, na mwezi Februari 1915 wakaishusha majini. Miezi kumi na saba baadaye waliambiwa waizamishe.

Jaribu kuingia katika chumba kile cha injini pamoja nao. Unajua kila bamba lilipopigwa ribiti. Unakumbuka sanduku lililofika limelowa, na lile lililochelewa. Sasa umepewa saa chache za kukiua ulichokilea. Kapteni Gustav Zimmer, aliyeongoza vikosi vya majini vya Wajerumani ziwani, alitaka meli isiingie mikononi mwa adui, huku akitumaini kwamba siku moja wangerudi kuichukua. Amri hiyo ingeweza kutimizwa kwa mchanga peke yake. Grisi ilihitaji watu wanaojua maji yatapita wapi, yataanza kula wapi, na kiungo gani kikishikwa na kutu ndiyo basi tena. Ilihitaji pia watu walio tayari kuifanya kazi hiyo vizuri wakati hakuna atakayewakagua. Sehemu hii ya pili ndiyo inayonifanya niandike.

Naandika nikiwa Mugumu, mji usio na ziwa. Dagaa hutufikia wakavu, juu ya malori ya kutoka Musoma, na watoto wengi hapa wamewaona tembo kabla ya kuona meli. Lakini tunayo kumbukumbu yetu ya serikali ile ile: boma la Wajerumani la Ikoma, lililojengwa kwa mawe mwanzoni mwa karne iliyopita juu ya kilima kinachoona mbali. Boma lile halikuzama popote. Halikupigwa na wimbi hata moja. Hata hivyo leo jina la Fort Ikoma watu wengi wanalitaja kwa sababu ya lango la hifadhi, na shughuli za boma lenyewe hakuna anayeziulizia. Chuma kilichotupwa majini kimewabeba watu kwa karibu karne nzima, na jiwe lililobaki juu limegeuka kuwa jina la lango. Nikilifikiria jambo hili nakataa kabisa maelezo kwamba Wajerumani walijenga imara. Boma na meli viliundwa na serikali moja. Kilichovitenganisha ni watu waliobaki navyo baadaye.

Mwaka 1924 Waingereza waliiibua meli ile. Ilikuwa imepita karibu miaka minane tangu izamishwe. Walipoziosha injini na kuzikagua, walizikuta bado zinafaa kutumika. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, na hilo lilisaidia, lakini maji baridi nayo hula chuma, hasa sehemu zilizochongwa laini: shingo za shafti, fimbo za pistoni, beringi. Kutu huhitaji maji na hewa vikutane na chuma kitupu. Grisi huwazuia wote wawili mlangoni. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji likitajwa kuwa jina la ziwa upande wa kusini. Nimefurahi kwamba jina la zamani lilikwenda. Mwenye jina hilo, Gavana Gustav Adolf von Götzen, alitawala nchi hii kuanzia 1901 hadi 1906, na ni chini yake Vita vya Majimaji vilizimwa kwa risasi, kwa moto na kwa njaa. Mtu huyo hakustahili hata boya.

Nasema haya ili sifa ninayoitoa isieleweke vibaya. Naisifu kazi, na kazi hiyo haikuwa ya Wajerumani watatu tu. Pale Kigoma walikuwapo mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Hao ndio walioshika koleo la ribiti ya moto, wakabeba mabamba, wakapuliza moto wa mafundi. Majina ya watatu tunayo, na mwandishi Alex Capus amemfanya Rüter kuwa mhusika wa riwaya yake. Majina ya wale wengine hayasomwi popote. Na baada ya 1927, walioingia chini kila siku, wakaifanya Liemba idumu, walikuwa watu wa Kigoma, Ujiji, Kasanga, Kipili na vijiji vya katikati. Rüter aliilinda kwa miaka minane. Wao waliilinda kwa miaka tisini.

Namna ya kazi hiyo niliijua kwa mzee mmoja wa hapa mjini, sasa marehemu. Hakuwa wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa mpaka grisi katika MV Victoria, meli iliyoundwa Glasgow kwenye karakana ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Kijana wa ukoo wa wafugaji aliteremka Musoma kutafuta kibarua, akapanda meli, na hakurudi nyumbani kukaa mpaka alipostaafu. Aliajiriwa enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mali zikagawanywa, Victoria ikabaki Tanzania, na yeye akabaki nayo. Karakana kubwa ya zamani ilikuwa Kisumu, nchi nyingine sasa, na mpaka ulikuwa umefungwa. Vipuri vikawa habari ya kusimuliwa. Hapo, alisema, ndipo alipojifunza kazi hasa, kwa sababu kifaa kisichoweza kuagizwa ni lazima kisiharibike.

Zamu ilikuwa saa nne kwa saa nne. Aliingia na tambara begani, kopo la mafuta mkono mmoja na bomba la grisi mkono mwingine, akaanza kuzunguka. Kila beringi aliisalimia kwa kiganja. Ikiwa ya vuguvugu, akapita. Ikiwa inamkataa mkono, akasimama, akasikiliza, akaongeza mafuta, akarudi tena baada ya dakika chache. Aliniambia kwamba geji zilikuwapo na alizisoma, ila geji huonyesha hali ya mahali ilipofungwa, na mkono huenda popote. Kisha ngama: kuangalia maji yaliyojikusanya chini, yana kimo gani leo kuliko jana, yana mafuta kiasi gani, na mafuta hayo yanatoka wapi. Meli ikiwa bandarini kazi haikupungua. Kutu iligongwa kwa nyundo ndogo, ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ikapakwa rangi nyekundu ya kwanza, ikasubiriwa ikauke, ndipo ikaja rangi inayoonwa na abiria. Hatua ya kusubiri, alisema, ndiyo inayoibiwa na mafundi wavivu. Ukipaka juu ya unyevu umeifungia kutu chumbani na kuipa chakula.

Hapa Mugumu alikuwa na tabia moja iliyowafurahisha watu wote. Alipopita kwenye mashine za kusaga, alisimama. Hakuingia kwanza, alisikiliza tu. Siku moja niliyokuwa naye alinishika mkono, akaniambia, "Mura, weka hapa," akauegesha kwenye kifuniko cha beringi. Kwangu ilikuwa joto na mtetemo basi. Yeye alimwita mwenye mashine pembeni, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, akamwambia azime kabla ya jioni. Alizima. Walipofungua, gololi mbili zilikuwa zimepasuka. Hakuchukua hela. Alichukua tambara, akafuta mikono, akaendelea na safari yake ya sokoni. Kina mama waliomjua kwa muda mrefu walimwita Babu Meli, na msiba wake ulijaa wenye mashine, madereva wa malori na mafundi wa pikipiki ambao aliwafundisha pasipo kusema kwamba anawafundisha.

Kuhusu Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, hakuzungumza. Aliwajua watu waliokuwa ndani. Lakini alikuwa akirudia neno moja juu ya zamu ya usiku: mchana mhandisi mkuu yuko macho, nahodha yuko macho, abiria wanaona; usiku, saa nane, umebaki wewe na injini, na ukiruka beringi moja hakuna mtu duniani atakayejua kwa miezi mingi. Victoria ilisimama mwaka 2014. Iliporudi majini 2020 ikiwa na injini mpya na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, sisi tulimweleza habari za rangi, viti na spidi. Alifurahi kweli, macho yakajaa. Kisha akauliza, "Nani kawekwa zamu ya usiku?"

Swali hilo naliweka pamoja na grisi ya Rüter. Yeye naye, siku ile ya Julai, alikuwa katika saa nane ya usiku.

Mtu anaweza kunikatiza hapa: injini zile za mvuke hazipo tena, miaka ya 1970 Liemba ilibadilishwa ikatumia dizeli, na 1993 ikafanyiwa matengenezo mengine makubwa kwa msaada wa Denmark. Ni kweli. Lakini mwaka 1924 meli iliyooza injini ingekuwa mzigo wa chuma chakavu, na hakuna serikali ya kikoloni ambayo ingehangaika nayo. Kule Ziwa Albert, meli iliyoitwa Robert Coryndon, iliyosifiwa sana enzi zake, ilizama Butiaba mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ikaachwa pale pale iliwe na maji. Liemba iliinuliwa kwa sababu palikuwa na kitu cha kuinua.

Nayo ikalipa. Kwa miaka mingi ilikwenda Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati. Ilipopiga honi usiku, boti na mitumbwi vilitoka ufukweni kwa mbio, watu wakapanda kwa ngazi na kwa mikono ya wenzao, magunia ya dagaa na mahindi yakapita juu ya vichwa. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015, wakati Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, bila maji salama na kipindupindu kikiwa kimeingia, Liemba iliwaleta makundi kwa makundi Kigoma, mamia kwa kila safari. Kulikuwa na wajawazito na watoto wa mgongoni. Mama aliyeketi kwenye sitaha ile hakuwa na sababu yoyote ya kujua habari za grisi ya mwaka 1916, na Rüter hakuwa na njia ya kumjua mama yule. Lakini walikuwa katika safari moja, na hata sasa nikiiwaza safari hiyo mwili unanisisimka.

Liemba ilisimama mwaka 2018, na Serikali imeiingiza katika ukarabati mkubwa. Naishukuru kwa moyo wote. Ombi langu ni la watu kabla ya vyuma. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kinafundisha vijana wetu uhandisi wa meli, na kinafundisha vyema. Kiwatume baadhi yao wakakae na wastaafu wa vyumba vya injini, wa Liemba na wa Victoria, wa meli za Umoja na Butiama, wawaulize yale yasiyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji: beringi ipi hupata joto kwanza upepo ukitoka kusini, bamba lipi huanza kutoa jasho, kipuri gani kilichongwa Mwanza wakati cha asili kilipokosekana, na nani alikichonga. Majina yaandikwe, tena kwa ukamilifu, ili msomaji wa kesho asiwe na mafundi watatu tu wa kuwataja. Wazee hao wako Ujiji, Mwanza na Musoma, na mmoja mmoja wamerudi vijijini, huku kwetu pia. Kuwafikia kunahitaji nauli, daftari, na mtu anayejua kuuliza, na aende mwaka huu.