Albamu Bora Kuliko Zote: Nani Ameshika Mizani?

Liko swali ambalo vijana wetu wa Tunduma hawachoki kubishania: albamu ipi ya muziki ni bora kuliko zote? Wako makada wanaoliona ni swali la mchezo, lisilostahili nafasi katika jarida la itikadi. Sisi hatukubaliani nao. Nyuma yake liko swali la nani mwenye haki ya kuhukumu kazi za watu, na kwa kipimo gani.

Tuanze na jambo tulijualo hapa Songwe. Kahawa ya Mbozi ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche. Punje kubwa huwa daraja la AA, ndogo zaidi hupata madaraja yanayofuata. Chekeche halina upendeleo; tundu lina ukubwa wake na punje ina ukubwa wake. Hapo upo ukweli usiotegemea mapenzi ya mtu. Lakini nani aliamua kwamba ukubwa wa punje uwe ndiyo sifa ya kupandisha daraja? Si mkulima wa Vwawa. Ni soko la mnunuzi. Kipimo ni sahihi, ila aliyekichagua alikuwa na haja yake.

Albamu haina hata chekeche. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitangaza orodha ya albamu 500 bora. Ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, iliyotoka mwaka 1967. What's Going On ya Marvin Gaye ikawa ya sita. Mwaka 2020 jarida hilohilo lilipiga kura upya kwa kuwaita wapiga kura wengine. Marvin Gaye akawa wa kwanza, na ile ya Beatles ikashuka hadi nafasi ya 24. Katika miaka hiyo 17 hakuna sauti hata moja iliyobadilika ndani ya santuri hizo mbili. Kilo ya sukari haibadiliki uzito kwa kubadilisha muuzaji, labda awe mlanguzi.

Lakini tusiwacheke Wamarekani. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Vita dhidi ya kasumba ilikuwa na msingi wake. Hata hivyo, miaka miwili tu baadaye, ndani ya muziki huohuo, Marvin Gaye alitoa kazi iliyohoji vita vya Vietnam na dhiki ya watu weusi wa mijini. Amri ilikuwa imehukumu aina nzima ya muziki bila kuusikiliza.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno albamu lenyewe. Bendi zetu zilikuwa za wafanyakazi na vijana: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, zikasikika hewani. Santuri zilitoka Nairobi, na nyingi zilikuwa ndogo, wimbo mmoja kila upande. Mara nyingine wimbo mmoja mrefu ulikatwa vipande viwili, msikilizaji akalazimika kuinuka na kuigeuza santuri wakati dansi ndiyo kwanza limekolea! Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa santuri hizo ndogo. Katika shindano la albamu humwoni. Hakushindwa, hakuandikishwa. Na bado hatujataja ngoma za Wanyiha na Wanyamwanga.

Vuka mpaka uingie Nakonde. Zambia ya miaka ya 1970 ilitoa santuri ndefu, zikiwamo za kundi la WITCH. Zilisahaulika, kisha kampuni za Ulaya na Marekani zikazitoa upya, wakusanyaji wakaziita hazina. Basi kwa kipimo cha albamu mtu wa Nakonde ana cha kupeleka mashindanoni, na jirani yake wa Tunduma ana kidogo sana. Je, tuseme kipaji kiliishia kwenye forodha?

Wapo watakaosema: basi kila mtu na ladha yake, mjadala ufungwe. Huo ni ubinafsi, na ni uvivu wa fikra. Tunaweza kuthibitisha kwamba gitaa halikulinganishwa sauti, au kwamba tungo imeibwa. Tunaweza pia kubishana kwa hoja kwamba wimbo huu umeiona hali ya mvuja jasho kwa undani kuliko ule, na hoja hiyo ikasahihishwa na mwenzetu aliyesikiliza vizuri zaidi. Lisilowezekana ni kujumlisha ufundi wa magitaa, ukweli wa maneno na raha ya kucheza ili kupata namba moja. Nani amewahi kujumlisha magunia na maili?

Kwa darasa lijalo la itikadi tunapendekeza uchukuliwe wimbo mmoja wa NUTA Jazz na mmoja wa WITCH. Zisikilizwe mara tatu, kisha kila ndugu atakayesimama kusema ataje kwanza kipimo chake, na nani alimpa, kabla ya kutoa daraja lolote.